Mazungumzo ya Nyumbani: Kamba Niliyoifunga Njiani

Mwezi huu nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo nimeulizwa na watu wengi, nalo limenigusa mimi mwenyewe, hata naona haya kidogo kulieleza. Watu huniuliza hivi: "Mwalimu, shamba langu nalirithi kwa baba yangu. Walakini kila siku wapita humo watu nisiowajua, na pikipiki, na malori. Mazao yavunjwa, na udongo wageuka kuwa barabara. Nifanye nini nipate kuwazuia?"

Swali hili ni jema, wala mtu asimcheke mwenye kuliuliza. Shamba si mali tu. Ndilo chakula cha watoto, na ada zao za shule, na mahali pa kuzeekea. Asiyelilinda asidhani kwamba ni mpole. Huenda ni mvivu tu, nao watoto ndio watakaolipa. Lakini kabla sijajibu yanipasa kusimulia kosa langu, maana mwalimu afichaye kosa lake hufundisha nusu ya somo.

JINSI NJIA ILIVYOZALIWA

Shamba langu liko katika wilaya ya Muheza, mkoa wa Tanga, upande wa chini wa milima ya Usambara. Ni ekari tatu na kidogo: michungwa, minazi michache, na mahindi na mihogo kati yake. Tangu zamani palikuwa na njia ya miguu ikatayo pembe moja ya shamba. Wanawake waliipita kwenda kisimani, na watoto kwenda shule. Marehemu baba aliijua njia hiyo wala hakuikataza. Mtu akipita aliita salamu toka mbali, akajibiwa, akaenda zake.

Hata mwaka mmoja wa mvua nyingi, maji yakakichukua kivuko cha magogo katika barabara ya kijiji. Baiskeli zikaanza kupita kwetu. Nikasema, "Hii ni shida ya siku chache." Baada ya baiskeli zikaja bodaboda. Nikanyamaza. Kisha wakati wa machungwa likaja lori moja la mnunuzi, na dereva wake akashuka, akanisalimu vizuri, akaomba kupita mara moja tu. Naliona haya kumkatalia mgeni. Kesho yake yakaja malori mawili, wala hayakuomba. Mwaka wa pili madereva wageni walidhani kwamba ile ni barabara ya serikali, na mmoja alinipigia honi nipishe, nami nimesimama na jembe langu katika shamba la baba yangu.

Tazameni, ndugu, jinsi jambo hili lilivyokwenda. Hapana hata siku moja mtu aliyekuja akasema, "Mwalimu, leo nakunyang'anya njia." Kila siku ilichukua kidogo, nami kila siku nalitoa kidogo kwa kunyamaza. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na hasara ya magari si mahindi yaliyokanyagwa tu, maana mahindi hupandwa tena. Gari lenye mzigo likipita penye udongo mbichi huushindilia, hata hewa na maji visipite, na mizizi ya mti ikadhoofika mahali usipopaona. Tena magurudumu hufanya mifereji miwili. Mvua ikija hutafuta mifereji ile, huteremka nayo, na kila mwaka huichimba zaidi. Mwisho wake ni korongo. Katika shamba langu michungwa miwili iliyokuwa kando ya njia ilianza kukauka toka juu, na mfereji mmoja ulikuwa umefika kimo cha goti langu.

JIONI MOJA

Nilipokuja kukasirika, nalikuwa nimechelewa. Nalisimama njiani nikawakemea vijana wa bodaboda. Wakanijibu kwa adabu, "Shikamoo, Mwalimu," wakapita. Naliweka matawi ya miiba, wakayavuta kando. Naliweka gogo, wakalizunguka, wakafanya njia ya pili katikati ya mahindi, hata hasara ikawa mara mbili.

Basi jioni moja, kwa hasira iliyokuwa imekaa siku nyingi, nalitwaa kamba ya katani, nikaifunga toka mchungwa hata mnazi, kimo cha kifua cha mtu aketiye juu ya pikipiki. Nikasema moyoni, "Akianguka mmoja, wengine hawatarudi." Sikumwambia mtu, wala mke wangu. Nikaenda kuoga, nikaketi barazani kusikiliza.

Nalisikia, lakini haikuwa sauti ya pikipiki. Binti yangu wa tatu, mtoto wa miaka kumi, alikuwa ametumwa na mama yake kumpelekea bibi yake kitoweo. Alikuwa akirudi mbio kwa sababu giza linaingia. Kamba ilimshika chini ya kidevu, akaanguka chali, na bakuli alilolichukua likapasuka. Nilipofika alikuwa ameketi chini, ameishika shingo yake kwa mikono miwili, na kinywa chake kimefunguka kama mtu aliaye, lakini sauti haikutoka.

Mama yake akaja na taa. Akaiona kamba. Akaliona fundo, naye alifahamu fundo lile, maana ndivyo nifungavyo mbuzi wetu. Akanitazama, wala hakusema neno. Akamchukua mtoto mgongoni, akaingia ndani. Mimi nalibaki nje, nikaifungua kamba ile, na mikono yangu ilikuwa ikitetemeka hata fundo nililolifunga mwenyewe likanishinda, nikalikata kwa kisu.

Sauti ya mtoto ilirudi siku ya pili. Alama shingoni ilikaa majuma matatu. Tabibu wa zahanati alimpima, kisha akaniuliza mimi yaliyotokea, nami nikamweleza yote. Akasema, "Mwalimu, mtoto huyu alikuwa akienda kwa miguu yake, akaanguka, ndiyo salama yake. Mtu aliye juu ya pikipiki iendayo mbio angalikatwa shingo. Hapo ungalikuwa muuaji."

MTEGO HAUNA MACHO

Wazee wetu walisema tangu zamani: Mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Methali hii nalikuwa nimewafundisha watoto darasani mara nyingi, lakini sikuielewa mpaka jioni ile. Mlinzi ana macho. Akimwona mtoto humwacha apite. Mbwa ana pua, humjua mwenyeji. Lakini kamba, na waya, na ubao wenye misumari, na shimo lililofunikwa kwa majani, havijui mwizi wala mwana. Vyamngoja tu wa kwanza kufika. Torati nayo yamtia hatiani mtu afukuaye shimo asilifunike, ng'ombe wa mwenzake akatumbukia, seuze mtu.

Wala msidhani kwamba ujinga huu ni wetu peke yetu. Huko Uingereza, miaka kama mia mbili iliyopita, wenye mashamba na bustani walikuwa na desturi ya kutega bunduki na kuzifunga nyuzi ndefu zilizofichwa katika majani. Aingiaye akigusa uzi, bunduki hujifyatua. Mwaka 1825 bwana mmoja aliyeitwa Holbrook alitega bunduki ya namna hiyo katika bustani yake ya maua, kwa sababu aliibiwa, wala hakuweka kibao cha kuwaonya watu. Mchana mmoja tausi wa jirani akaruka akaingia bustanini. Kijana mmoja, jina lake Bird, akapanda ukuta ili amrudishe ndege yule kwa ajili ya mtumishi wa kike aliyekuwa akimtafuta. Akaugusa uzi, na risasi zikamwumiza goti vibaya sana. Mwaka 1827 Bunge la nchi ile likatoa sheria ya kukataza kutega bunduki hizo katika mashamba na bustani, na mwaka 1828 mahakama ikaamua kwamba Holbrook amlipe Bird kwa kuumizwa kwake. Mwenye bustani alikuwa na haki ya kuilinda bustani yake. Lakini haki hiyo haikufika mpaka wa kumtegea mtu kwa siri.

Jambo langu la mwezi huu ndilo hili, nalo ni moja tu: kizuizi cha halali ni kile kionekanacho. Ua humwambia mtu, "Rudi." Mtego humwambia, "Njoo." Ukitaka kujua kama kizuizi chako ni cha haki, jiulize: je, waweza kukionyesha kwa kila mtu mchana, na kumweleza kila jirani mahali kilipo? Kama sivyo, kiondoe leo, kabla jua halijachwa.

SWALI AMBALO SIKULIULIZA

Juma lile nalikwenda kwa mzee mmoja jirani yetu, aliyekuwa rafiki wa baba. Nikamsimulia, nikasema, "Baba, nifanyeje niwazuie watu hawa?" Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, wauliza namna ya kuwazuia. Bado hujauliza kwa nini wapita."

Maneno yale yalinichoma. Kesho yake nalikwenda kijiweni walipokaa vijana wa bodaboda. Nikawaambia habari ya kamba, sikuficha. Walikaa kimya, maana kila mmoja alijua kwamba kamba ile ilifungwa kwa ajili yake. Kisha mmoja wao akasema, "Mwalimu, hata sisi hatuipendi njia yako. Ina visiki, yatuvunjia pikipiki. Lakini kivuko hakipo. Kikitengenezwa, hutatuona."

Nalikuwa nimekaa miaka miwili nikiwahesabu maadui, nisikumbuke kivuko kilichochukuliwa na maji. Basi twalikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, jambo likaletwa mbele ya mkutano, ikatangazwa siku ya msaragambo. Vijana walileta mawe. Wanunuzi wa machungwa, kwa kuwa njia ni faida yao, walitoa saruji. Wenye mashamba twalitoa magogo na chakula. Kazi ilitumia Jumamosi nne. Kivuko kiliposimama, watu wengi waliacha kupita kwangu pasipo kuambiwa neno. Nilitafuta dawa shambani, na ugonjwa ulikuwa barabarani.

Lakini nisiwadanganye. Si wote walioacha. Wako watu waliokwisha kuzoea, na wako wavivu, na wako waovu waingiao usiku kuiba machungwa. Kwa hao yatakiwa ua. Sasa nitaeleza niliyojifunza.

MAMBO SITA YA KUFANYA

Kwanza, jua mpaka wako. Huwezi kumkataza mtu asivuke mstari usioujua wewe mwenyewe. Waite majirani wa pande zote, mtembee pamoja mpakani, mkubaliane, na wazee wawe mashahidi. Aliye katika ardhi ya kijiji aweza kuomba hati ya hakimiliki ya kimila, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Na karatasi hiyo yaondoa maneno mengi. Kisha weka alama zisizohamishika kwa usiku mmoja. Wachaga wa Kilimanjaro hupanda masale mipakani, na mmea huo huo hutumika kuomba msamaha na kupatanisha waliogombana. Naona ni hekima kubwa, kwamba alama ya kutenga mashamba ndiyo alama ya kuunganisha watu. Tena ujihadhari usipande ua ndani ya hifadhi ya barabara. Kwa barabara kuu na za mkoa hifadhi hiyo ni mita 30 kila upande toka katikati ya barabara, na ua wako ukiwa ndani yake utang'olewa, nawe huna la kusema.

Pili, tenga njia ya miguu na njia ya magari. Hivi ni vitu viwili. Njia ya kisimani, ya shule, ya kwenda msibani, usiifunge kwa hasira uliyonayo juu ya malori. Mama mwenye ndoo kichwani hakuharibu shamba lako. Nawe siku moja utakuwa mgonjwa, utachukuliwa juu ya kitanda, na watu watatafuta njia iliyo fupi.

Tatu, panda ua ulio hai. Waya wa miiba wagharimu fedha, nao huibiwa. Mti hukua wenyewe. Kwetu Tanga mmea wa ua ni mkonge. Mkonge haukuwa wa kwetu asili. Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliuleta mwaka 1893. Miche ilitoka Florida katika Marekani, ikapita Ujerumani, na mingi ikafa safarini. Ni miche 62 tu iliyofika hai. Kutoka hiyo mashamba makubwa ya mkonge yakaenea katika nchi. Kwa ua, panda safu mbili, futi tatu kati ya mche na mche, na mche wa safu ya pili ukae mbele ya pengo la safu ya kwanza. Panda mwanzo wa masika. Mwaka wa kwanza utachekwa, kwa kuwa mbuzi hupita katikati. Lakini mwaka wa tatu, mtu mwenye akili hapiti. Ukiona mkonge umetoa mlingoti, ujue kwamba utakufa. Twaa vichipukizi vidogo vya mlingotini ukapande mahali pake, pasiwe na pengo.

Penye ukame minyaa yafaa zaidi, maana mifugo haiili, nayo hupandwa kwa matawi. Kata matawi, yaache kivulini siku moja au mbili kidonda chake kikauke, kisha yachomeke ardhini. Walakini waonye watoto sana: utomvu wa mnyaa ukiingia machoni huunguza, na waweza kuharibu macho kabisa. Mbono kaburi nao hufanya ua mzuri, na mbuzi huuacha; lakini mbegu zake ni sumu, watoto wasizile. Mnaona kwamba hata ua waweza kudhuru. Tofauti ni hii, kwamba mnyaa hausimami njiani kwa siri.

Nne, jenga mlango wenye akili. Hapa ndipo wengi wakosapo, hata mimi nalikosa nilipoweka gogo peke yake. Kizuizi kisichoungana na ua pande zote mbili ni mwaliko wa kuzunguka. Kwa watu wa miguu, fanya mlango wa kupinda: ua wa kulia upite mbele kidogo ya ua wa kushoto, hata mtu aingie kati yake, ageuke, ndipo atoke upande wa pili. Upana wake uwe wa kumtosha mama mwenye mzigo, na pembe yake iwe fupi. Mtu hugeuka, ng'ombe husita, pikipiki, kwa kuwa urefu wake wakaribia mita mbili, haiwezi kupinda. Usijenge ngazi ya kuruka ua, maana mwenye ndoo kichwani hawezi kuipanda, wala mzee.

Kwa gari, chimba nguzo mbili nene, uweke mti wa kuvuta na kufuli. Upake mti huo chokaa nyeupe, uonekane hata usiku wa giza. Ufunguo mmoja ukae kwako, na wa pili ukae kwa jirani aliye karibu na njia, na watu wote wajue kwamba uko kwake. Naandika neno hili kwa sababu twalijadiliana sana nyumbani. Mimi nalitaka ufunguo mmoja tu. Mke wangu akasema, "Baba, siku ukiwa safarini, na mwanamke wa ng'ambo akashikwa na uchungu usiku, nao wataka kumpitisha kwa gari, nani atafungua?" Naliona kwamba asema kweli. Ufunguo wa pili uko kwa yule mzee jirani.

Tano, weka kibao, nacho ukiweke mahali pake. Wengi huweka maneno "Hakuna njia" palepale mlangoni. Dereva wa lori akifika hapo hana nafasi ya kugeuza, naye atageuzia wapi? Katika mahindi yako. Weka kibao cha kwanza kule njia inapoachana na barabara, naye ataona mapema, aendelee na safari yake bila kukuchukia. Maneno yawe machache na ya adabu: "Hakuna njia ya magari. Wa miguu karibuni." Adabu haina gharama, na kibao cha matusi hung'olewa upesi.

Sita, tumia sheria mahali pa mkono. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika kifungu cha 299, yamhesabu kuwa mkosaji mtu aingiaye katika mali ya mwenzake kwa nia ya kutenda kosa, au kumtisha mwenye mali, au kumtukana, au kumuudhi. Sheria yaitazama nia. Kwa hiyo mkataze mtu waziwazi, mbele ya mashahidi, na andika siku na namba ya gari. Aliyeambiwa hawezi kusema tena kwamba hakujua. Kama ni ugomvi wa ardhi, lipo Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye watu saba, na watatu kati yao ni wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Liko na Baraza la Kata, lakini kwa mambo ya ardhi tangu mwaka 2021 halihukumu tena, bali husuluhisha tu. Wala usilale. Shauri la kudai ardhi lina mpaka wa miaka 12. Aanzaye kwa kupita aweza kuendelea kwa kuegesha gari, kisha akajenga kibanda cha kuwekea matenga, kisha akazaa watoto humo. Mwambie mapema, hali mngali marafiki.

MWISHO WA MANENO

Sasa ni mwaka wa tatu tangu jioni ile. Mkonge wangu umefika kiunoni, nao umeanza kuonyesha meno. Mfereji tumeujaza mawe na kupanda majani ya mabingobingo, na udongo waanza kujikusanya. Mchungwa mmoja ulikufa. Wa pili umechipua. Bodaboda moja moja bado hujaribu, hufika penye mlango wa kupinda, husimama, hugeuka. Mwenye kugeuka huwa amekasirika kidogo, lakini yu mzima, na mama yake atamwona jioni.

Binti yangu amekua. Hupita njia ile kila siku kwenda shule. Lakini afikapo kati ya mchungwa na mnazi, hata leo, hupunguza mwendo, hunyosha mkono mbele yake kama mtu atembeaye gizani, kisha hupita. Sijamkataza, wala sina la kumwambia. Humtazama toka barazani, nami huyakumbuka yale niliyoyafunga kwa mikono yangu.

Ndugu msomaji, kama una kamba njiani, au waya, au ubao wenye misumari uliofukiwa, weka gazeti hili chini. Nenda ukaufungue sasa. Kisha urudi umalize kusoma habari nyingine.

Kwaherini hata mwezi ujao. Ni mimi ndugu yenu, Mwalimu.